Dola ya Morgan: Jamani, Msiisugue!

Karibuni tena, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote itazameni sarafu hii kwanza. Ngoja nisogeze kamera... haya. Mnaona inavyong'aa? Ukiikuta mezani kwa muuzaji utaapa imetoka mtamboni jana asubuhi. Mimi niliapa. Nikatoa dola 85 bila hata kuomba punguzo, mimi mtoto wa Tanga niliyezoea kubishania bei ya fungu la mchicha! Nilipofika nyumbani nikawasha taa, nikaigeuza mara mbili, nikakaa chini. Nimepigwa.

Kwa hiyo video ya leo ina hasira kidogo, mtanivumilia.

Kwa wageni: naishi hapa Ohio, nafanya kazi usiku, na siku zangu za mapumziko zinaishia kwenye minada na maduka ya rehani nikitafuta sarafu. Leo ninazo tatu mezani, zote dola za Marekani za madini ya fedha, hizi wanazoziita Morgan kwa jina la mchongaji wake, George Morgan, Mwingereza wa Birmingham. Zilitengenezwa kuanzia 1878 mpaka 1904, zikasimama, zikarudi mwaka 1921. Kipenyo, yule mwanamke wa mbele ni nani, tai wa nyuma ana mishale mingapi, hayo nilishayasema kwenye video mbili nzima, sirudii. Leo ni mng'ao tu.

Nazima taa ya dari. Nabaki na hii moja ya mezani. Iwe moja, tafadhali, ukiwasha taa tatu huoni kitu, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Hii ya kwanza ni ya 1881. Huku nyuma, chini ya shada la majani, ina kiherufi S, maana yake ilipigwa San Francisco. Imo ndani ya kasha la plastiki la wapimaji, zile kampuni zinazopima ubora wa sarafu, imepewa daraja la MS-64, hizo namba nitazieleza. Sasa naiinamisha polepole. Msiangalie sura, angalieni mwanga. Mmeuona? Miale miwili inatoka katikati inafika ukingoni, kama mapanga ya pangaboi, na nikiinamisha inazunguka. Narudisha, nayo inarudi. Naongeza kidogo, inapita juu ya shavu, inapita kwenye nyota, haikatiki popote. Jana nimefanya hivi dakika ishirini, mkono juu, mkono chini, mpaka mume wangu akauliza kama natafuta mtandao.

Inatokana na nini? Mtambo unapoibana sarafu kati ya mihuri miwili ya chuma, fedha inasukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, kama donge la unga chini ya kiganja. Ikisukumwa hivyo inaacha vimistari vidogo mno, jicho haliwezi kukiona kimoja peke yake. Ndivyo vinavyorusha ule mwanga. Na viko juu juu tu, kwenye ngozi ya sarafu. Ukivisugua vimekwenda, hakuna fundi wa kuvirudisha.

Sasa njooni kwa huyu mgonjwa wangu wa dola 85. Mwaka 1882, herufi O, ya New Orleans. Taa ile ile, mkono ule ule. Nainamisha... nainamisha... Kuna kinachozunguka? Hakuna. Mwanga umelala kote sawasawa. Hii ni sufuria iliyopigwa stiliwaya! Nikiweka lenzi ya kukuzia mara kumi, oneni, mikwaruzo imekwenda upande mmoja, sambamba, kama uani kulikofagiliwa. Lakini hapa kwenye pembe za herufi, palipobana, kitambaa hakikufika, weusi wa zamani bado upo. Mtu alichukua magadi au dawa ya meno akaisugua. Huenda alidhani anaiongezea thamani. Aliyeniuzia, huyo alijua, kwa sababu meza yake ina taa tano, zote nyeupe.

Ukiipeleka hii kwa wapimaji, tuseme PCGS au NGC ambao ndio wakubwa, hawaipi namba. Wanaandika kwamba imesafishwa, basi. Na bila namba, mnunuzi anakuangalia kama uliyeleta samaki wa juzi.

Hizo namba nazo, kwa ufupi. Zinaanzia 1 mpaka 70. Mzizi wake ni vipimo alivyovitoa Mmarekani mmoja, William Sheldon, mwaka 1949, na vilikuwa vya sarafu za senti za shaba, wala si za dola. Chini ya 60 maana yake imetumika, imepita mikononi mwa watu. Kuanzia 60 haijatumika, na hapo ndipo zinaanza herufi MS, kifupi cha Mint State. Kinachobishaniwa kati ya 60 na 70 ni makovu. Hizi dola zilikaa kwenye mifuko ya serikali, elfu moja kila mfuko, zikirushwa na kugongana. Kwa hiyo usishangae kuona sarafu ambayo haijanunua hata mkate imejaa michubuko shavuni. Shavu lile ni pana na tupu, halifichi kitu. Nikiipata ya bei nafuu yenye shavu safi, nanunua hata kama nyuma si nzuri sana. Wengine watabisha. Wabishe.

Na hapa kuna mtego uliowahi kuninasa. Kuchakaa kunaanzia sehemu zilizoinuka: nywele za juu ya sikio na kifua cha tai. Sawa. Lakini sarafu nyingi za New Orleans zilipigwa kwa nguvu ndogo, kifua cha tai kikatoka bapa tangu siku ya kwanza. Utajuaje ni uchakavu au ni mtambo ulizembea? Pangaboi! Inamisha. Mwanga ukipita juu ya ile sehemu bapa bila kukatika, haijachakaa. Ukifika hapo ukazimika, ukaona doa la kijivu, hiyo imesuguliwa na vidole na mifuko ya watu. Jaribuni, kisha mniambie kwenye maoni.

Kuhusu maoni, kuna kaka wa Mbeya ametuma picha ya dola ya 1921 ya marehemu mjomba wake, anauliza kama ni kweli inafika milioni 50 za Kitanzania, kwa sababu ameona kwenye chaneli nyingine. Siitaji chaneli, mnazijua, zile zenye mishale myekundu na mtu aliyeshika kichwa. Kaka yangu, pole na msiba. Lakini mwaka 1921 zilipigwa zaidi ya milioni 86, katika viwanda vitatu. Tena mihuri ya asili ilikuwa imeshaharibiwa mwaka 1910, ikabidi wachonge mipya, picha ikatoka haina kina. Ni nzuri, lakini haiezeki nyumba.

Wanachofanya wale ni kuchukua bei ya sarafu moja na kumvika kila mtu. Ile ya bei kubwa kweli ni ya 1893 yenye S. Zilipigwa 100,000 tu, na moja ya daraja la MS-67 iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 2. Hata iliyochakaa ni maelfu ya dola. Lakini si kila ya zamani ni adimu, na hata idadi ya zilizopigwa inaweza kukudanganya, kwa sababu mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria ya Pittman na dola zaidi ya milioni 270 zikayeyushwa, fedha yake nyingi ikapelekwa India kuwaokoa Waingereza. Ndiyo maana mimi nasoma bei za mauzo, sisomi umri.

Sakafu ya bei ni madini yenyewe. Kila Morgan ina aunsi 0.77 ya fedha safi. Aunsi ikiwa dola 30, sarafu ina madini ya dola 23 hivi. Piga hesabu kwa bei ya siku unayotazama video hii. Mtu akikupa chini ya hapo, mwambie asante, ondoka.

Eeh, na mnaoniuliza kuhusu reale za bibi zetu, zile za Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizozagaa Unguja na pwani nzima: zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne iliyopita, kwa hiyo mwaka haukuambii kitu. Bibi yangu alikuwa nayo kwenye kidani, imetobolewa juu ya kichwa cha malkia. Hiyo nitaifanyia video yake. Na hilo neno dola la pesa lilitokana na thaler, jina la sarafu za namna hiyo hiyo za Ulaya. Basi, nisipotee.

Tangazo moja: tumefika elfu tisa! Jumamosi saa mbili usiku, saa za Afrika Mashariki, niko mubashara, leteni picha. Picha zenye taa moja, nimeomba.

Kasha la plastiki sasa. Mwaka jana nilisema ni ulaji wa watu. Nimebadilika nusu. Kwa dola ya kawaida kama hii ya 1881, ada ya kupimwa inaweza kula faida yote, usihangaike. Lakini zenye CC, za Carson City kule Nevada, sinunui bila kasha. Kuna watu wanabandika hizo herufi mbili kwenye sarafu ya kawaida kwa ustadi wa sonara. Ya 1889 yenye CC zilipigwa 350,000, na bei yake ndiyo inayowatia tamaa.

Bado hii ya tatu, ambayo nilikusudia kuikejeli. 1921, imechakaa, nywele zimeisha, tai hana kifua. Mng'ao hakuna kabisa, mnaona, taa inapita tu. Niliinunua karibu na bei ya madini. Naiweka kwenye mizani: gramu 26.4. Ikiwa mpya ingekuwa 26.73, kwa hiyo hiyo tofauti imebaki kwenye mifuko ya watu wa miaka mia. Hakuna aliyeisugua. Rangi yake ya kijivu ni yake mwenyewe, na kusema kweli, tangu juzi naizungusha vidoleni nikiwa kwenye basi na sijaichoka.

Hii ya dola 85 narudi nayo mnadani Jumapili. Naenda na taa yangu. Nitawaletea video, muuzaji akinirudishia hela au asiponirudishia.