Betri za AA za kuchaji kwenye kamera: nilizotumia na ninazobaki nazo

Hii ni kwa wale ambao kamera zao zinatumia betri za AA, zile ndogo za mviringo zinazowekwa kwenye saa ya ukutani, sio ile betri bapa ya lithiamu inayokuja na kamera pamoja na chaja yake. Wenye lithiamu hawana shida kubwa, wanasoma modeli iliyoandikwa kwenye betri wanatafuta nyingine kama hiyo, basi. Sisi wa AA ndo tuna mtihani, maana unakuta pakiti imeandikwa 1900, nyingine 2000, 2500, 2800, wengine wanakuandikia mpaka 3600 mAh (hiyo mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), zote zinaitwa za kuchaji, zote zina picha ya kamera mbele, sasa hapo unachukua ipi?

Nimetumia aina kadhaa kwenye kamera moja inayokula betri nne, na hizohizo nazihamishia kwenye flashi ya juu ambayo nayo inakula nne. Jibu langu nalitoa mapema: chukua NiMH (betri za kuchaji za nikeli na haidridi ya metali) za kama 2000 mAh ambazo hazipotezi chaji haraka zikikaa, na pesa ambayo ungeongeza ili upate namba kubwa ipeleke kwenye chaja nzuri.

Kuna watu bado wanauliza kwani alkalaini za kawaida, zile za kutumia mara moja ukatupa, zina ubaya gani, si zina volti 1.5 na hizi za kuchaji zina 1.2 tu. Ukisoma hivyo utaona kama NiMH ni dhaifu, lakini kwenye kamera mambo ni kinyume kabisa. Kamera haivuti umeme polepole kama saa, inavuta kwa mkupuo, pale lenzi inapotoka, unapovuta zumu, na zaidi pale flashi inapojijaza. Alkalaini ina ukinzani mkubwa ndani yake kwahiyo ukiivuta kwa nguvu volti inaanguka, kamera ikiona volti imeshuka inakuambia betri zimeisha inazima, wakati betri hizohizo ukizitoa ukaziweka kwenye saa ya ukutani zinaendelea kufanya kazi miezi na miezi. NiMH haina hiyo tabia, inashikilia kwenye 1.2 karibu muda wote wa matumizi, hata ukiibana.

Ukitaka kujionea mwenyewe fanya hivi, piga picha kwa flashi nguvu zote halafu tega sikio, utasikia ule mlio mwembamba unaopanda mpaka taa ya tayari iwake. Kwa NiMH zenye chaji taa inarudi haraka na inaendelea kurudi haraka picha baada ya picha. Kwa alkalaini mwanzoni iko sawa tu, ila kadiri unavyopiga ule mlio unarefuka, unasubiri, unasubiri, na uliyetaka kumpiga picha kashageuza uso. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuamua.

Sasa kwanini nasema zile zisizopoteza chaji. NiMH za zamani, hasa zile za namba kubwa, zilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya sana, unazijaza leo unaziweka kwenye begi, baada ya wiki kadhaa unachukua kamera hazina kitu, umeme umejiishia wenyewe bila kupiga hata picha moja. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo wakaleta betri za Eneloop ambazo zilibadilisha hilo (baadaye Panasonic ikainunua Sanyo ndo maana leo unaona jina la Panasonic juu yake), na kampuni nyingi zimefuata njia hiyohiyo. Kwenye pakiti utaona wameandika kwamba zimeshachajiwa tayari kwa kutumia, hiyo ni dalili nzuri, maana betri inayovuja chaji huwezi kuiuza ikiwa imejazwa, itafika kwa mteja iko tupu. Mimi natumia Eneloop nyeupe za kawaida na sina lalamiko hata moja. Naweza kuziacha kwenye kamera muda mrefu tu, siku tukio likitokea nawasha kamera inawaka. Kwa mtu ambaye hapigi picha kila siku hakuna kitu cha thamani zaidi ya hicho.

Kuna pia zile nyeusi, Eneloop Pro, za kama 2500 mAh. Nazo ni betri nzuri, picha unapata nyingi zaidi kwa chaji moja na kwenye flashi zinapendeza kweli. Ila angalia kitu kimoja, kiwanda chenyewe kinasema ile ya kawaida inachajika mpaka mara 2100, hii Pro mara 500 tu. Yaani unaongeza robo ya uwezo unapoteza robo tatu ya maisha yake. Kama kazi yako ni shughuli ndefu na huna nafasi ya kubadilisha betri katikati basi Pro ni halali yako kabisa, lakini kwa wengi wetu ni bora seti mbili za kawaida, moja ndani ya kamera nyingine mfukoni.

Tukija kwa hizo 3600 na wenzake, aisee hapa nakasirika kweli. AA ya NiMH ina nafasi maalum ndani yake, huwezi kujaza zaidi ya inavyobeba, na za uhakika zinaishia kwenye 2700 au 2800 hivi. Yeyote anayekuandikia zaidi ya hapo kwenye NiMH anakudanganya mchana kweupe. Nilipewa seti moja ya hizo, jina silitaji, nikaziweka kwenye chaja inayopima uwezo halisi, haikufika hata nusu ya kilichoandikwa. Na ukiishika mkononi unajua, AA nzuri ya NiMH ina uzito wa gramu 26 mpaka 30 hivi, ile ilikuwa nyepesi kama ganda. Kwahiyo kama huna chaja ya kupimia, chukua mizani ya jikoni, weka betri juu, utapata nusu ya jibu.

Chaja sasa, na hapa ndo watu wanapoharibu betri nzuri halafu wanasema betri mbaya. Chaja nyingi za bei ndogo zinahesabu saa tu, zinasukuma umeme mpaka muda uishe, betri iwe ilikuwa tupu au ilikuwa na nusu haijalishi. Nyingine zinachaji mbilimbili, taa moja kwa betri mbili, ikitokea moja imebakiwa na chaji zaidi ya mwenzake basi moja inapitiliza au nyingine haijai. Unachotaka ni chaja yenye taa au kisomo cha kila betri peke yake, na inayojizima kwa kuangalia betri yenyewe. NiMH ikijaa volti yake inashuka kidogo na joto linapanda, chaja yenye akili inaona huo mshuko inakata. Jaribu kuzigusa mwishoni mwa chaji, kuwa na uvuguvugu ni kawaida, ila ikiwa huwezi kuishika vidoleni hiyo chaja inakuulia betri na itakutia hasara kila mwezi. Na zile za kujigamba kwamba zinajaza kwa dakika kumi na tano mimi naziepuka, joto lake ni kali mno.

Betri nne zinafanya kazi kama timu, ile dhaifu ndo inayoamua. Mbili mpya ukichanganya na mbili za zamani, zile za zamani zinaisha mapema, na wenzao wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwenye betri tupu mpaka inageuka chaji kinyume, hapo imeumia na hairudi. Mimi naandika kwa kalamu ya wino mzito herufi A kwenye seti moja na B kwenye nyingine pamoja na mwezi niliozinunua, zinachajiwa pamoja zinatumika pamoja. Kwa sababu hiyohiyo kamera ikionyesha betri ziko chini nazitoa, sizilazimishi. Ile habari ya kwamba lazima umalize chaji yote ndo uchaji tena ni ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu, usiibebe ukaileta huku.

Halafu ingia kwenye menyu ya kamera yako. Kamera kadhaa za AA, mfano Pentax K-x, zina sehemu ya kuchagua aina ya betri, na ukiiacha kwenye alkalaini wakati umeweka NiMH alama ya chaji inakudanganya, inasema zinaisha wakati bado zina nguvu. Hata ukiweka sawa usiiamini sana, kwa vile volti ya NiMH inakaa palepale alama inaonyesha zimejaa muda mrefu, halafu ghafla imeshuka. Ndo maana ile seti ya pili ya mfukoni sio anasa, ila iwe kwenye kiboksi chake cha plastiki, usiichanganye na funguo na sarafu, ncha zikigusana na chuma zinapata moto kweli.

Siku hizi kuna AA za lithiamu za kuchaji zinazotoa volti 1.5 moja kwa moja. Nimezijaribu, sizikatai, nyepesi na flashi inafurahi, shida yake ni kwamba zinatoa 1.5 mpaka dakika ya mwisho halafu zinakata, kamera haikupi onyo lolote, na chaja yake ni tofauti kabisa na ya NiMH. Ila usizichanganye na zile zinazoitwa 14500, saizi ni ileile ya AA, zinaingia vizuri kabisa kwenye kamera, lakini ni volti 3.7 kila moja. Nne za hizo zikikaa kwa mfululizo ni karibu volti 15 kwenye kamera iliyotengenezwa kwa volti 5 au 6. Kabla hujaingiza betri yoyote ngeni soma volti iliyoandikwa ubavuni, sio mAh, volti.