Uzoefu wangu na sabuni ya "kijani" shuleni kwetu Goma

Nitaanza na kijana wa butiki. Sabuni itasubiri.

Nilimkuta ameegemea ukuta, miguu juu ya kreti ya soda, simu mbele ya pua. Mimi nimesimama na chupa yangu ya ushahidi, maji yenye utandu wa kijivu juu kama uji uliolala. Nikasalimia. Akajibu kwa nyusi. Nikaeleza polepole, kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, kwamba ile dawa yao ya kusafishia, ile wanayoiita rafiki wa mazingira, bidoni mbili za lita 20, imetugeuzia sakafu za madarasa kuwa maganda ya ndizi. Kichwa hakuinua.

"Mama, ulisoma etiketi?"

"Nilisoma."

"Basi. Shule ya bure, na munataka sakafu ya hoteli."

Nina mtoto anayemzidi umri yule kijana. Mpaka leo sijui nilitokaje mlangoni pale bila kummwagia ile chupa.

Maana "shule ya bure" hapa kwetu ni neno lenye mwiba. Tangu 2019, serikali ilipoondoa malipo katika shule zake za msingi, mtu akitaka kukudharau anakurushia hilo. Mtoto halipi, sawa. Lakini ufagio unanunuliwa, rakleti ya kusukumia maji sakafuni inanunuliwa, na mama wa usafi naye ana tumbo. Pesa ya zile bidoni ilitoka kwenye mfuko wa komite ya wazazi, noti za faranga 500 zilizokunjwa mara nne, nyingine zinanuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu aliyezitoa anauza sambaza sokoni Virunga. Na aliyesimama mbele ya wazazi akasema tuache javeli, ile dawa ya klorini, tujaribu kitu kingine, ni mimi. Direkta alikubali tu kwa kichwa. Aibu ilikuwa yangu.

Mtauliza, javeli ilikuwa na kosa gani? Goma tunaipenda javeli. Ebola ilipofika hapa Julai 2019, kila mlango uliwekewa ndoo ya bomba yenye maji ya klorini: kanisani, mpakani, hata kwa muuza mandazi. Ikaja Korona, ndoo zikabaki palepale. Tukazoea kwamba kisichonuka javeli si kisafi. Hata mimi nyumbani kwangu nikiosha choo bila ile harufu nahisi sijaosha.

Lakini njooni muone choo cha shule. Hapa unachimba kwenye lava, kwa nyundo na patasi, kwa hiyo shimo halishuki sana, na mikojo ya mamia ya watoto inakaa karibu na pua. Kila asubuhi mama wetu wa usafi alikuwa anamwaga javeli humo. Javeli ikikutana na mkojo inatoa mvuke unaokata koo. Na madoa ya simenti yakigoma, alikuwa anaongeza asidi ya choo, palepale, juu ya javeli. Siku moja nilimkuta nje amekaa juu ya jiwe, kitenge mdomoni, macho mekundu kama ametoka msibani, anakohoa huku ameshika ubavu. Nikamwambia, "Mama, pole, umefanya nini?" Akanijibu, "Ni dawa inafanya kazi."

Dawa! Kile kinachotoka ukichanganya vile viwili ni gesi ya klorini, ileile Wajerumani waliyowafungulia askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Sisi tulikuwa tunaitengeneza kwenye choo cha darasa la kwanza, watoto wamepanga foleni nje wanashika kaptula.

Kwa hiyo dada mmoja alipokuja shuleni na sampuli, alinikuta nimeshaiva. Alikuwa na maneno matamu, siwezi kumnyima hilo. Sabuni ya mafuta ya mimea, haina klorini, haichubui mikono, ikiingia ardhini inaoza yenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Mji wetu hauna mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama katikati ya mawe meusi, yanateremka kuelekea ziwa, na ziwani ndiko tunakochota ya kupikia. Unachomwaga leo kinaweza kukurudia kwenye sufuria.

Akaongeza kwamba Ulaya na Marekani shule zote zinatumia dawa za namna hiyo. Zote! Nilitafuta baadaye. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuzilazimisha shule zake mwaka 2005, ikaanza kufanya kazi 2006. Wajerumani wana alama yao, Blauer Engel, tangu 1978, wanaibandika kwenye bidhaa iliyotimiza masharti. Kwenye bidoni yetu kulikuwa na jani. Jani tu, la kijani. Jani hata mimi najua kulichora.

Siku mbili za kwanza nilitembea shuleni kama bibi harusi. Ya tatu, ukungu. Sakafu ilikuwa na ngozi ya kijivu, ukikanyaga unaacha alama ya kiatu, ukipitisha rakleti ile ngozi inasogea kama mafuta na kurudi nyuma yako. Na mnajua vumbi letu, ni unga wa lava, jeusi na lenye meno. Likaingia humo, likawa tope jembamba. Mwalimu wa darasa la nne, mtu mzima mwenye heshima zake, aliingia na boksi la chaki mkononi, akasafiri mita nzima kwa kisigino kimoja, akatua chini ya ubao. Watoto walinyamaza kwanza. Halafu darasa zima likapiga makofi. Kifundo chake kilivimba wiki nzima, na kila nilipopita alikuwa ananitazama mimi, hatazami sakafu. Wazazi nao wakaanza: shule siku hizi hainuki usafi, pesa yetu imeenda wapi?

Ndipo nikaenda butiki. Ndipo "shule ya bure".

Nilirudi nyumbani natetemeka. Jirani yangu anafundisha kemia sekondari, nikamweleza nikitegemea atanisaidia kulaani. Badala yake akaomba ile dawa kidogo na chupa mbili tupu za maji. Moja akaijaza maji ya bidoni, yale wanayotuletea vijana kutoka ziwani. Ya pili akaijaza maji ya mvua kutoka pipa lake. Matone matano hapa, matano pale. Akatikisa zote mbili, akaziweka juu ya ukuta wa uwanja, juani.

Ya mvua ilijaa povu hadi shingoni. Ya ziwa ilitoa povu la uvivu, likafa mbele ya macho yangu, na chini yake vikaanza kuelea vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Nikaichukua, nikaigeuza. Vipande vikashika ukuta wa chupa na kukataa kutoka. Ilikuwa sakafu yangu, ndani ya chupa.

Maji ya Kivu, ziwa letu, akanieleza, yanaelekea upande wa magadi, pH yake ni kama 9, na yamejaa madini ya magnezi. Sabuni halisi, ile ya mafuta, ikikutana na magnezi inashikana nayo na kuwa utandu usioyeyuka. Sabuni ya unga ya dukani ina kemia nyingine, haisumbuki sana na maji hayo. Yaani kadiri dawa ilivyo ya asili zaidi, ndivyo ziwa letu linavyoishinda. Na usifikirie kukimbilia bomba, maji ya bomba nayo yanavutwa kutoka ziwani humohumo.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki? Shida ilikuwa ni sisi?

Nilichukua bidoni, nikavaa miwani, nikasoma etiketi upya, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kweli imeandikwa: *à diluer dans l'eau douce*, yaani izimuliwe kwa *eau douce*. Nilikuwa nimeisoma! Nikaelewa kama Mkongo yeyote aliyepita shule angeelewa: maji yasiyo ya chumvi, si ya bahari. Na Kivu si *eau douce*? Tangu darasa la tatu tunafundishwa kwamba Kivu ni ziwa la *eau douce*. Kumbe Kifaransa kinaita hivyohivyo maji yasiyo na madini mengi, maji laini. Neno moja, maji mawili. Na nitaapa mbele ya padri kwamba kijana mwenyewe hajui hilo. Alinitukana kwa etiketi ambayo na yeye hakuielewa.

Dawa inauzwa Goma, mita mia chache kutoka ziwani, kwa watu wanaochota ziwani, na hakuna aliyeona vema kusema neno. Hapo ndipo hasira ilinirudia, kubwa kuliko ya kwanza.

Lakini niseme ukweli wote. Tuliweka pipa chini ya mabati ya darasa la sita. Kwa maji ya mvua ile dawa ni kitu kingine kabisa. Sakafu inatoka kavu, nyeusi yake ya kawaida, haitelezi. Na mama wa usafi alinionyesha viganja vyake. Zamani vilikuwa na nyufa, ukimpa mkono ni kama umeshika gome la mti, sasa vimefunga. Kikohozi hakijaisha, ila sasa anaimba akiwa ndani ya choo, jambo ambalo wengine wetu tungependa alipunguze. Mvua yetu kwa sababu ya moshi wa volkano ya Nyiragongo ina ukali wake, sitaki mtoto wangu ainywe, lakini sakafu haina tumbo.

Kiangazi je? Juni mpaka Agosti pipa ni la kuwekea mifagio. Tunarudi kwenye sabuni ya unga, sina la kuficha. Na javeli haikuhama: iko kabatini kwa direkta, imefungwa kwa ufunguo, inatoka mtoto akitapika au akiharisha, kwa sababu kipindupindu hapa kwetu si hadithi, na sabuni ya jani peke yake si dawa ya kukiua. Hilo dada wa sampuli hakulitaja hata kidogo. Nilipomuuliza kwa simu alisema, "Mama, hamkuuliza." Asidi ya choo ndiyo tuliyoifukuza moja kwa moja.

Nyota? Nilikuwa nimeandika moja. Nikaifuta, nikaweka nne, kwa ajili ya vile viganja. Kisha nikamkumbuka kijana na kreti yake, nikafuta tena. Chukueni hivi: dawa, nne wakati wa mvua, mbili wakati wa kiangazi. Butiki, sina alama ya kuwapa.

Ila tunaendelea kununua kwao, maana hakuna mwingine anayeiuza. Siku hizi mimi siendi, namtuma papa zamu, mlinzi wa shule. Juzijuzi bidoni ilifika juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, na juu ya lile jani mtu ameandika kwa kalamu nene nyeusi, herufi zimeinama kwa haraka: MAJI YA MVUA TU. Maneno yangu yaleyale niliyomwambia dada wa sampuli kwenye simu.

Bei imepanda dola mbili.