Baiskeli ya mbio ya zamani: friwili au sproketi ya kufunga?

Gia zikishaliwa na chumvi ya bahari hapa Mtwara, usiitupe fremu. Bakiza gia moja tu. Swali ni ufunge nini nyuma.

Friwili kila fundi anaijua: ukiacha kukanyaga, pedali zinatulia na baiskeli inateleza.

Sproketi ya kufunga, yaani gurudumu la meno lisilo na friwili, haitulii. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na mwendo unaupunguza kwa miguu. Utamu wake ni huo, unaisikia barabara hadi kwenye nyayo. Lakini inataka habu yake (kitovu cha gurudumu), yenye ringi ya kubana inayokazwa kinyume. Ukiifunga kwenye nyuzi za skrubu za habu ya friwili bila ringi hiyo, siku utakapozuia kwa miguu inaweza kufunguka. Kwa hiyo breki ya mbele isitoke, tafadhali.

Kukaza cheni hakusumbui: fremu nyingi za zamani zina midomo ya ekseli (mahali ekseli ya nyuma inapokaa) iliyolala, unavuta gurudumu nyuma, unakaza nati.

Kwa tambarare za Shangani nachagua ya kufunga. Ndugu yangu wa Lindi anayeshuka vilima kila siku, namfungia friwili na breki mbili.