Muda wa saa kumi na moja Addis Ababa, na nusu kilo ya kahawa

Siku yangu ya kusubiri ndege Addis naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na mvua.

Nauza madera na mitandio Mombasa. Agosti 2024 nilikuwa narudi kutoka Guangzhou kwa tiketi rahisi, na urahisi wake ulikuwa huu: kutua Addis saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kuondoka kwenda Nairobi saa kumi na moja u nusu jioni. Safari zilizopita nililala kwenye viti vya uwanja nikaamka shingo imekakamaa. Safari hii, la. Pasi ya Kenya haitaki viza Ethiopia, mabegi yalishaandikiwa Nairobi, nikagongewa muhuri nikatoka na mkoba na sweta. Sweta msiiache. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na Agosti mtu wa pwani anatetemeka kama kifaranga.

Nilibadilisha dola benki palepale uwanjani. Birr, sarafu yao, ilikuwa imeachiwa soko wiki chache tu nyuma na bei zilikuwa zinahamahama, kwa hiyo sitawatajia hata moja. Teksi tulielewana kabla sijapanda. Nilimwambia dereva anishushe mtaa wa Piassa, halafu, kwa Kiingereza, anifuate saa mbili kwenye lango la Makumbusho ya Taifa. Nilikusudia saa mbili ya kizungu, yaani saa nane mchana. Akanitazama kama mwehu: saa mbili imeshapita! Ndipo nikakumbuka kwamba Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndiyo saa kumi na mbili. Nikaonyesha vidole vinane. "Semint," akasema, akacheka. Miaka yote nawapigia wageni hesabu za saa dukani, na siku hiyo mgeni nikawa mimi.

Piassa ya zamani sehemu kubwa ilibomolewa mwaka huohuo kupisha barabara, ila Tomoca, duka la kahawa, ilikuwa ipo. Duka hili lilianza 1953, na kuingia kwake ni kuingia ndani ya harufu. Hukai. Unalipa kwanza, unapewa tiketi, unaipeleka kwa watu wa mashine, kisha unasimama kwenye meza ndefu za duara pamoja na wazee wenye magazeti. Mimi nimelelewa na kahawa chungu ya dele, kwa hiyo si rahisi kunidanganya. Ya kwanza nilikunywa makiato: tamu, lakini maziwa yanaficha kitu. Ya pili nyeusi, bila sukari. Hiyo ndiyo! Nzito, chungu ya kiungwana, na inabaki ulimini mpaka ufike mtaa wa pili. Wao husema buna, sisi tunasema buni; neno limesafiri na bidhaa yake.

Kutoka hapo hadi Arat Kilo, upande wa makumbusho, nilikwenda kwa miguu, na hapo ndipo nyota ilipoponyoka. Mvua ilinikamata njiani, si manyunyu, ni ndoo. Pumzi nayo ikakataa kwa sababu ya mwinuko. Chukueni mwavuli, au yale mabasi madogo ya buluu na nyeupe ambayo makondakta wake wanapiga kelele kama wetu.

Makumbushoni nilikwenda kumwona Lucy, mifupa maarufu ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambaye kwao ni Dinknesh. Alifukuliwa Hadar mwaka 1974, ana umri wa miaka milioni 3.2. Kinachowekwa kwenye kioo ni nakala, mifupa yenyewe hufungiwa. Ni mdogo! Kimo chake mita moja na kidogo, kama mtoto wangu wa chekechea. Nilisimama hapo zaidi ya nilivyopanga, nguo zikinidondoka maji. Vyumba vya juu nilipita mbio.

Chakula nilikula kwenye mkahawa mdogo wa jirani. Ulikuwa mfungo wa Filseta, Wakristo wao hawagusi nyama, maziwa wala mayai, basi suala la halali likajimaliza lenyewe. Niliagiza beyaynetu ya mfungo, yaani sinia la mchanganyiko: injera pana ya nafaka yao ya tefu, juu yake shiro (mchuzi mzito wa unga wa mikunde), dengu, kabichi na mboga za majani. Injera ina vitobo kama chila ila ni chachu, na mara ya kwanza uchachu ule unashtua. Tonge la tatu nilikuwa nimeshazoea. La kumi nilikuwa naramba vidole. Unakula kwa mkono wa kulia, kwenye sinia moja, hakuna cha kufundishwa. Ukutani kalenda yao, iliyo nyuma ya yetu kwa miaka, ilikuwa inasema bado ni mwaka 2016.

Saa nane kasoro dakika tano dereva yuko langoni.

Nusu kilo ya kahawa ya Tomoca nilimpelekea mama. Akaipika kwenye dele kwa tangawizi, akaonja, akanyamaza kidogo.

"Hii inataka haluwa," akasema.