Leja ya SQL Server 2022, kwa anayetunziwa hesabu kwenye seva ya wengine

Mimi ndiye ninayetunza mifumo ya SACCOS moja ya walimu hapa Moshi. Seva si yetu. Iko Dar es Salaam, kwa kampuni inayotuhifadhia kanzidata, na mafundi wao wana mamlaka yote humo ndani: wakiamua kubadili akiba ya mwanachama, sina cha kuwazuia. Sisemi wamefanya hivyo. Ila kwenye mkutano mkuu mwanachama mmoja alisimama akauliza tutajuaje, na jibu la "tunawaamini" halikumtosha. Hata mimi halikunitosha. Ndipo nikaigeukia leja, kipengele kinachotunza alama ya kila badiliko la data ili uchezeaji ugundulike. Kimo ndani ya SQL Server 2022, programu ya kanzidata ya Microsoft, na wala hakiuzwi kando.

Ukiunda jedwali lenye leja, kila muamala unaoligusa unakokotolewa heshi, yaani alama fupi inayobadilika kabisa data ikiguswa hata herufi moja, kwa kanuni ya SHA-256. Heshi hizo zinakusanywa kwenye mti wa Merkle (heshi za heshi, hadi ibaki moja), kisha zinafungwa kwenye bloku, yaani fungu la miamala, iliyoshikamana na iliyotangulia. Kuna majedwali yanayokubali marekebisho huku yakihifadhi kila mstari wa zamani, na kuna yanayokubali kuongezwa tu. Akiba na marejesho nimeyaweka kwenye haya ya pili.

Sikutaka kuishia kwenye sifa za muuzaji. Nilifunga toleo la Developer, ambalo ni la bure, kwenye laptopu yangu, nikajifanya mwizi. Kuna amri inaitwa DBCC WRITEPAGE, ambayo Microsoft hawaitangazi, inaandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa data bila kupita kwenye leja. Nikageuza akiba ya mwanachama wa majaribio kutoka 412,000 kuwa 912,000. SELECT, amri ya kusoma data, ikaniletea 912,000 bila aibu. DBCC CHECKDB, amri ya kukagua uzima wa kanzidata ambayo mafundi wengi wanaitegemea, ikasema kila kitu shwari, kwa sababu injini yenyewe ilikuwa imeshakokotoa upya cheksamu, namba ya kuhakikia, ya ukurasa ule. Nikaendesha uhakiki wa leja. Ukakataa palepale, ukataja jedwali na namba ya muamala ambao heshi yake hailingani. Nilifurahi mno, nikaurudia mbele ya meneja.

Sasa sehemu ambayo wengi wataipita haraka. Leja inakupa muhtasari, kipande kifupi cha maandishi ya muundo wa JSON chenye namba ya bloku, heshi yake na muda. Huo ndio ushahidi wako. Ukiuacha kwenye seva ileile, umefanana na mkulima anayepeleka kahawa AMCOS halafu anamwachia karani nakala zote mbili za stakabadhi. Unaweza kuuelekeza uhifadhiwe wenyewe kwenye Azure, huduma ya Microsoft ya mtandaoni, kwenye hifadhi isiyoruhusu kufuta. Sisi tunautoa kwa mkono kila jioni baada ya kufunga hesabu, na nakala inakwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi kwa WhatsApp. Ni mwalimu mstaafu. Siku ya kwanza alinipigia:

"Mwanangu, haya maherufi uliyonitumia nifanye nayo nini?"

"Shikamoo mwalimu. Usifanye chochote, usiyafute tu."

"Marahaba. Basi nitayanakili na kwenye daftari."

Na kweli anayanakili, herufi zote.

Kasoro kubwa kuliko zote ni hii: uhakiki unaendeshwa na seva ileile unayoitilia shaka. Mwenye seva akiwa mjanja wa kutosha, atakuletea jibu analotaka yeye. Dawa yake ni kuchukua bekapu, kuirejesha kwenye mashine yako, na kuhakiki hapo kwa muhtasari uliotunzwa nje. Wakikurejeshea kanzidata ya mwezi uliopita, muhtasari wa jana utawaumbua. Inafanya kazi, ila inachosha, na kwa intaneti yetu bekapu inashuka usiku kucha. immudb, kanzidata nyingine ya aina hii, imelifikiria hili vizuri zaidi: programu iliyo upande wako ndiyo inayoweza kukagua uthibitisho kila unaposoma. Lakini kuhamisha mfumo mzima wa mikopo kwenda huko ni mradi mwingine, na sina watu.

Jedwali la zamani haligeuzwi kuwa la leja. Unaunda jipya na kunakili data. Likishakuwa la leja, halirudi nyuma. Kwa hiyo majina, simu na namba za NIDA nimeyaacha kwenye jedwali la kawaida, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zifutwe, na kwenye leja mstari wa zamani haukutoki. Angalieni pia akaunti za watumiaji. Leja inaandika jina la aliyefanya muamala, lakini mfumo wetu unaingia kwa akaunti moja, hivyo kila muamala una jina lilelile. Karani akiingiza marejesho hewa kwa nywila halali, leja itayatunza kwa uaminifu wote.

Mbona sikwenda kwa Amazon? Kanzidata yao ya leja, QLDB, iliyojengwa kwa kazi hii hasa, waliifunga Julai 31, 2025. Angalau hii ya Microsoft imo ndani ya SQL ambayo fundi yeyote wa hapa mjini anaijua.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku watakapotoa programu ndogo ya kuhakiki nje ya seva, ambayo mwalimu wangu ataiendesha mwenyewe bila kunipigia simu.