Baiskeli nzuri, muuzaji wa hovyo: haditeli yangu ya mtumba, Arusha

Kuna duka moja la baiskeli za mtumba hapa Arusha, jina silitaji maana sitaki kesi, ambalo muuzaji wake ana jibu la kila kitu. Ukiuliza kutu, ni vumbi la kontena. Ukiuliza breki mbona zinalia, zimelala muda mrefu, zikitembea zitanyamaza. Mimi nilimuuliza kwa nini kidirisha cha gia kwenye usukani kinasoma mpaka 8 wakati nyuma nahesabu gia saba tu. Hata hakupepesa macho. "Hiyo ya nane ni ya akiba, bosi."

Ya akiba. Jamani.

Tuanze na hela. Nilikuwa na laki sita, basi. Kwa hela hiyo ukitaka mpya ya boksi utaonyeshwa madude yanayong'aa, shokapu mbele na nyuma, diski mbili, stika kila mahali. Achana nayo. Shokapu ya nyuma kwenye baiskeli ya bei hiyo ni springi tu, inakula nguvu zako kila ukikanyaga pedali, na uzito wake ukiupandisha mlima wa kwenda Ngaramtoni, nje kidogo ya mji, utatamani kumwachia mtu njiani. Halafu hela iliyotengeneza hiyo springi imekatwa mahali pengine: kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwenye breki, kwenye fremu yenyewe. Ndiyo maana nilitaka haditeli, shokapu mbele peke yake na nyuma kugumu, ili kila shilingi iende kwenye kitu cha maana. Na haditeli ya maana kwa laki sita ni mtumba. Anayekwambia vinginevyo ana mzigo wa kuuza.

Nilikwenda nimejiandaa, hilo naomba lieleweke. Niligeuza baiskeli miguu juu, nikapitisha kidole kwenye maungio ya kulehemu pale mbele fremu inapokutana na foki inayoshika gurudumu la mbele, na pale chini ya siti, kwa sababu alumini ikianza kupasuka hupenda kuanzia huko. Nikabana breki ya mbele na kuisukuma mbele na nyuma kusikiliza kama kichwa cha usukani kinacheza. Nikapima cheni kwa rula ya mwanangu: pingili 24 zinatakiwa kuwa inchi 12, ikizidi kwa moja ya nane ya inchi ujue imeshakula na meno. Kote safi. Fremu nyepesi, foki ya Suntour inabonyea na kurudi bila kukwama, miguu yake haina hata doa. Habu ya mbele ni Shimano Deore, ukiizungusha gurudumu linaendelea lenyewe mpaka unachoka kulitazama. Nikamaliza na swali moja, lile lile ambalo kila mwenye bajeti ndogo anapaswa kuliuliza: nyuma ni kaseti au friwili, zile namna mbili za kufunga gia kwenye habu?

"Kaseti, bosi. Za Ulaya zote ni kaseti."

Tukavutana kutoka laki sita na nusu mpaka laki tano na ishirini. Nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, chini yake imepigwa chapa kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Mashine iko kwa fundi. Bila shaka.

Sasa niseme ukweli, wiki za mwanzo nilikuwa mtu wa raha. Asubuhi kabla jua halijakaza natoka Sakina, napanda taratibu mpaka Ngaramtoni, naingia msitu wa Olmotonyi upande wa chuo cha misitu, vijia vimejaa majani makavu ya misonobari na udongo mweusi laini wa Mlima Meru. Gia zilikuwa zinasitasita kidogo, na ile namba 8 ukiibonyeza hakitokei kitu, lakini kwa ujumla nilikuwa nawaambia watu ofisini kwamba nimeokota dhahabu.

Halafu siku moja nateremka, hata mwendo wenyewe wa kawaida, nikapita juu ya mzizi. Nikasikia mlio mkavu, tak, kama mtu kavunja ukuni. Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, tairi ikawa inasugua fremu upande mmoja na kuacha mstari mweusi kwenye alumini. Breki ya nyuma ikabana yenyewe. Hapo safari ilikuwa imeisha. Nikaibeba begani mpaka lami, huku watoto wananisindikiza na kuniuliza kama naiuza.

Karibu na stendi ya Ngaramtoni kuna mzee anatengeneza baiskeli chini ya mti. Ana sanduku la mbao, kopo la grisi na spana malaya iliyochakaa mpaka namba zimefutika. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia, macho yake yako kwenye gurudumu. Akafungua kwiki, ile klipu ya kutolea gurudumu bila spana, akavuta, na ekseli ikatoka vipande viwili. Kumbe kilichokuwa kinashikilia gurudumu zima muda wote ule nilipokuwa naibeba ni ule msumari mwembamba wa kwiki uliopita katikati. Akafuta vipande kwa kitambaa, akanisogezea karibu na uso.

"Tazama hapa ilipokatika. Huku kweusi, kumeshika kutu. Huku kweupe kunameta. Kweupe kumekatika leo. Kweusi kulipasuka zamani. Umeuziwa mgonjwa, mwanangu."

Nilishika kile chuma kwa muda. Karibu nusu ya mduara ilikuwa nyeusi. Maana yake nilipokuwa dukani napapasa fremu kwa kidole, ekseli ilikuwa tayari imepasuka huko ndani.

Mzee hakuishia hapo. Akazirudisha gia nyuma kwa mkono na kuniambia nitazame katikati yake, pale kwenye vijimeno vya kuingizia kifaa cha kufungulia. Gia zinazunguka, vijimeno vimetulia. Hiyo ni friwili, akasema. Ingekuwa kaseti vingezunguka pamoja na gia. Jambo la sekunde tano, halihitaji hata spana, na naliandika hapa ili asije mtu akaniambia hakuambiwa. Tofauti yake si ya majina. Kwenye friwili gololi za upande wa cheni zinakaa ndani, nyuma ya gia zote, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki hewani bila kitu cha kukishikilia mpaka kifike kwenye fremu. Gia zikiwa saba kipande hicho ni kirefu kweli. Mpakie mtu wa mwili wangu, mpitishe kwenye mizizi, kitapinda, kisha kitakatika. Kwenye kaseti gololi zimesogezwa nje karibu na fremu, mzigo unakaa juu yake.

"Na hili gurudumu si la baiskeli hii," mzee akaongeza, wala sikuwa nimemuuliza. "Hesabu spoku."

Nikahesabu. Mbele 32. Nyuma 36. Ringi ya mbele ina maandishi, ya nyuma haina hata herufi. Habu ya mbele Deore, ya nyuma haina jina. Na ndipo ile namba 8 iliponiingia akilini sawasawa. Kibadilishia gia ni cha gia nane kwa sababu baiskeli hiyo ilifika na gurudumu la gia nane! Mtu kalichomoa, kachomeka la friwili ya saba, na kwa kuwa nafasi kati ya gia saba na gia nane zinakaribiana sana, cheni ikawa inakwenda kwa kubahatisha na mteja hashtuki. Akiba! Akiba yake yeye, labda.

Nilipanda boda na gurudumu mkononi mpaka dukani. Nilikuwa nimewaka.

Yule kijana muuzaji alinipokea kwa "karibu bosi". Nilipomwonyesha ekseli, ubosi ukaisha.

"Kwani ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Msituni. Olmotonyi."

"Aa, mzee, hii si ya kuruka ruka huko maporini. Hii ni ya mazoezi."

"Ni baiskeli ya milimani, dogo. Imeandikwa ubavuni mwake."

"Hilo jina tu. Hata Land Cruiser zinatembea mjini."

Nikamwambia aliniambia ni kaseti. Akasema hakusema. Nikamwambia imekatika mahali palipokwisha kupasuka, nikamwonyesha kutu. Akaichukua, akaigeuza, akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha noti mbovu. "Mtumba ni mtumba, mzee. Soma risiti." Halafu, na hili ndilo ambalo mpaka leo nikilikumbuka shingo inapata moto, akamgeukia mteja mwingine na kumwambia kwa sauti ya kusikika, "Wengine wananunua baiskeli wakidhani wamenunua pikipiki." Wakacheka.

Rafiki yangu mwanasheria anasema maneno ya kwenye risiti hayamfanyi muuzaji kuwa huru kudanganya, kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi na kwamba Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Sawa. Lakini ushahidi wangu ni nini? Risiti ya mkono iliyoandikwa "baiskeli 1".

Basi nimesimama pale nimefura, nainua macho, nayaona magurudumu yametundikwa kwenye misumari ukutani. La tatu kutoka mlangoni: ringi yenye maandishi yale yale ya ringi yangu ya mbele, yamefifia kwa namna ile ile. Spoku 32. Habu Deore. Kaseti ya gia nane.

Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni lenyewe. Makontena yanaleta magurudumu ya kila aina, na ringi zinafanana. Lakini moyoni mwangu najua, na nilipolinyooshea kidole yule kijana alijua kwamba najua, kwa sababu alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. "Hilo elfu tisini. Kwa vile ni wewe, themanini."

Kwa vile ni mimi.

Nililinunua. Mke wangu ameniuliza mara nyingi kwa nini sikuondoka kwenda kutafuta lingine, na jibu langu ni kwamba gurudumu la nyuma lenye habu ya namna hiyo, limenyooka, na kaseti yake juu, kwa elfu themanini, hulipati. Hilo ndilo linaloudhi. Bei ilikuwa nzuri! Laki tano na ishirini na themanini, laki sita kamili, bajeti yangu yote hadi senti ya mwisho. Aliyeniibia aliniuzia kwa bei ya haki.

Na baiskeli sasa? Nilidhamiria kuandika kwamba msinunue mtumba, mwende mkakope mnunue mpya. Siwezi. Mzee wa Ngaramtoni alilifunga lile gurudumu, akarekebisha waya wa gia kwa robo mzunguko, akachukua elfu tano yake, na baiskeli ikawa kitu kingine kabisa. Namba 8 inaingia kwenye ile gia ndogo ya mwisho bila sauti. Nimeipitisha kwenye mizizi ile ile na mingine mibaya zaidi, wakati wa vumbi na wakati wa matope ya masika, haijanung'unika. Kuna jamaa tunaendesha nao wenye baiskeli mpya za milioni mbili, na kwenye mteremko nawasubiri chini. Kwenye mlima wao wananisubiri mimi, lakini hilo ni suala la kitambi.

Kwa hiyo sijui niipe alama gani. Baiskeli ningeipa tisa kwa kumi. Duka ningelipatia sifuri, halafu nakumbuka kwamba mji huu mzima sijaona pengine penye fremu nzuri za haditeli kwa bei hiyo, nalipandisha mpaka tatu. Halafu nakumbuka "wamenunua pikipiki", narudi sifuri.

Shemeji yangu naye sasa anataka haditeli, ana laki tano. Jumamosi nampeleka duka lile lile, nimeshamfundisha kuhesabu spoku na kurudisha gia nyuma kwa mkono. Ataingia peke yake. Mimi nitakaa ng'ambo ya barabara nanunua muwa, maana yule dogo akiniita bosi tena sijui kitatokea nini.