Raiza nzito kwa upinde mtupu: uzoefu wangu

Raiza yangu ya sasa, yaani kile kipande cha katikati cha upinde chenye kishikio, ni ya alumini, inchi 25. Kabla yake nilikuwa na ya kaboni, nyepesi na nzuri machoni, na sina hamu ya kuirudia. Kilichonivuta ni uzito, na hasa mahali uzito wenyewe ulipokaa.

Sisi wa upinde mtupu (barebow) haturuhusiwi saiti, yaani kifaa cha kulengea, wala fimbo za kutuliza upinde, kwa hiyo mshale ukishatoka, raiza ndiyo inayoamua upinde uelekee wapi. Ile nyepesi ilikuwa ikiruka, kichwa cha upinde kinanirudia usoni. Hii ina kilo 1.3 hivi ikiwa tupu, na chini ya kishikio ina matundu ya kufungia vizito. Nikifunga kizito cha duara cha nusu kilo kwenye tundu la chini kabisa kisha nikaachia upote (kamba ya upinde), upinde unasogea mbele kidogo na kutulia mkononi bila mimi kuukaba.

Ila kabla hujalipa, pima. Kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo wa upinde, zinataka upinde, ukiwa umevuliwa upote, upite pamoja na vizito vyake kwenye pete ya kipenyo cha sentimita 12.2. Hii inapita, lakini kizito kikubwa zaidi ya changu kingenitia wasiwasi. Tazama pia dirisha la upinde, ule mkato wa raiza juu ya kishikio unapopita mshale: alama au mistari inayoweza kusaidia kulenga hairuhusiwi. Hapa upande huo ni mweusi tii. Nembo wameiweka chini, na afadhali.

Kilichonifurahisha zaidi ni bolti za mbawa, yaani zile sehemu mbili zinazopinda, ya juu na ya chini ya raiza. Mimi hutembeza vidole kwenye upote kulingana na umbali, na shabaha ikiwa karibu nashika mbali chini ya mshale, hivyo ubawa wa chini unaelemewa. Raiza ilikuja imepangwa kwa mtu anayeweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini: nafasi kati ya upote na ubawa wa juu ilizidi ya chini kwa milimita kadhaa. Nilikaza bolti ya juu, nikalegeza ya chini kidogo kidogo mpaka nafasi zikalingana. Upinde ukapunguza kelele, na mishale ya karibu ikaacha kuyumba juu na chini. Kifungio ni cha ILF, mfumo wa kufungia mbawa unaotumiwa na watengenezaji wengi, kwa hiyo mbawa zangu za zamani, za urefu wa kati, ziliingia bila shida na kunipa upinde wa inchi 68.

Kishikio sikukipenda hata kidogo. Ni cha plastiki, kiganja kikitoa jasho kinateleza kuelekea kwenye kidole gumba, na kila mshale unaanza na mshiko mwingine. Nimeweka cha mbao. Na kama bega lako bado halijazoea, anza bila vizito, uongeze taratibu. Jioni ya mazoezi marefu mkono wa upinde hudai haki yake.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kile kishikio.